Mtofaa Uliowekwa Arubaini

Shangazi yangu ana ugomvi na baridi. Amekaa nayo London tangu alipotoka Zanzibar akiwa msichana, miaka michache baada ya Mapinduzi, na hawajapatana bado. Katika fleti yetu ya Thamesmead hita huwashwa kabla ya kila mtu na huzimwa baada ya kila mtu. Wanawake wa kwetu wakijifungua, yeye ndiye huitwa kuwalea: blanketi, uji wa pilipili manga, madirisha kufungwa, arubaini nzima mzazi hatoki nje. Kwa Shangazi, upepo ndio chanzo cha maradhi yote, na baadhi ya talaka.

Sasa, jirani yetu wa mlango wa pili, bibi wa Kiingereza aliyefiwa na mumewe, alihamia kwa mwanawe, nyumba isiyo na hata roshani. Akatuachia mtofaa wake ndani ya pipa, mti wa matofaa ya Kizungu yale ya dukani, ambao marehemu aliupanda kwa mkono wake.

“Nitunzieni,” alisema. “Maua yakichanua ndipo namwona mume wangu. Nitakuja Aprili.”

Shangazi akamshika mkono. “Dada, huyu sasa mwanangu.”

Mimi nilikwishaota mbali. Niliona shamba langu la matofaa hapohapo Thamesmead, mabasi yanasimama, abiria wanashuka kununua.

Baridi ilipoanza, majani yote yakapukutika. Shangazi akachungulia roshani.

“Masikini! Yuko uchi, na upepo wote huo!”

Nami machozi hayako mbali na macho yangu. Tukaukokota mti hadi sebuleni, tukauweka ubavuni mwa hita. Shangazi akaufunga kanga kiunoni, akawa anaunywesha maji ya uvuguvugu. Mgeni akiacha mlango wazi, anakaripiwa: “Funga, bwana, kuna mzazi humu!”

Machi ikafika. Miti ya kituo cha basi, iliyolala nje kama mbwa wasio na mwenyewe, ikajaa maua ya rangi ya waridi. Wetu, uliolelewa kama bibi harusi, ulikuwa fimbo. Matumba yake yamefumba kama ngumi.

Binamu yangu, binti wa Shangazi, aliyezaliwa hapa na anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, alisema umekufa. Ami akaja kutoka Hounslow. Yeye hupakia mizigo uwanja wa ndege, kwa hiyo ni mtaalamu wa kila kitokacho ng’ambo.

“Umekosa mbolea,” akasema.

“Umepigwa jicho,” Shangazi akasema. “Yule mama wa ghorofa ya juu aliusifu bila mashallah.”

“Dada, mti wa Kizungu, husuda ya Kiswahili itaupata wapi?”

“Jicho halina pasipoti.”

Alitania, lakini chakula kilikuwa hakimpiti. “Atasema tumemuua mumewe mara ya pili,” aliniambia.

Aprili bibi akaja. Akasimama mbele ya mti uliovaa kanga. Binamu yangu, kwa mara ya kwanza maishani, akalazimika kusema Kiswahili, amtafsirie mama yake.

“Anauliza, baridi yote mti ulikaa wapi?”

“Mwambie hapo hapo! Upepo haukumgusa hata siku moja!”

Bibi akakwangua gome kwa ukucha. Chini yake, kijani. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akatueleza: mti huu hulala, na hauamki kwa joto tu. Lazima kwanza uonje baridi ya kutosha, wiki kwa wiki, ndipo joto la majira ya kuchipua liufungue. La sivyo, jua moja la Januari lingeudanganya ukachanua, na barafu ya kesho yake ikaua maua yote.

Shangazi alisikiliza kama mtu anayeambiwa maziwa hayamfai mtoto. “Yaani anataka kuteswa?”

“Bibi anasema mti unataka usiku wake. Mama, umemwashia taa usiku kucha, halafu unamlaumu haamki.”

Nikawakumbuka wenyeji wa mji huu: jua likitokeza Februari, wanavua mashati bustanini, kesho wote mafua. Kumbe mti una akili kuliko jimbo zima la uchaguzi.

“Mwakani basi,” bibi alisema, “nikijaaliwa.” Akaondoka akishika ukuta hadi mlangoni. Sote tuliona.

Mwaka ule mti ulitoa majani Juni, mawili hapa, matatu kule, kama wageni wa harusi ya Kiswahili. Ua halikutoka hata moja. Baridi ilipopiga tena, ulibaki roshani. Shangazi alisimama dirishani akiuambia kupitia kioo, “Vumilia, mwanangu,” na mimi nikaficha mablanketi.

Aprili matumba yakafunguka, rangi ya waridi kisha meupe. Bibi akaja akishikwa mkono na mwanawe. Shangazi mwenyewe akatoa viti nje, kwenye upepo.

Bibi akavuta tawi hadi usoni, akafumba macho. Shangazi akafungua mdomo, binamu yangu akajiweka tayari kutafsiri. Shangazi akaufumba mdomo tena. Tukakaa hivyo, meno yanagongana, mpaka bibi alipoliachia tawi.