Jina la Dini Lisilo na Maji

Mimi nimebatizwa mara tatu. Nilinyunyiziwa nikiwa mchanga, nikalia kama mtoto yeyote mwenye akili. Shule ya bweni ikataka nibatizwe upya kwa sababu maji ya kwanza yalikuwa ya dhehebu lingine. Kisha nikapenda msichana wa kanisa la maji mengi, na mchungaji wao akanizamisha kwenye tangi la plastiki mtaani West Indies, hapa hapa mjini kwetu, nguo zote mwilini, simu mfukoni. Simu ndiyo iliyoifia dhambi siku hiyo, na haikufufuka.

Baba hakubatizwa hata mara moja, na hakuna aliyejua. Alikuwa fundi wa mawe, alitoka magharibi akahamia mtaa wa Huruma kabla sijazaliwa, na alikuwa na jina la dini, tena la mtume. Kwetu mtu mwenye jina la mtume haulizwi alimwagiwa maji wapi. Tulikuja kujua akiwa amelazwa, mapafu yamejaa vumbi la mawe. Mama alimwita mzee wa kanisa aje amwombee. Mzee akapitia kwanza kwenye rejista, maana hata mgonjwa haombewi hivi hivi. Jina halikuwamo.

"Hilo jina nilijipa kwa karani wa vitambulisho," baba alikiri, pumzi ikimkatika. "Aliniuliza Christian name, na sina. Nikaona kalenda ya kanisa kwa ukuta, nikasoma jina la kwanza."

Nilicheka. Mama hakucheka. Mama anaamini, si kama mimi ninayeamini siku za harusi. Kwake asiyebatizwa haingii mbinguni, na yeye amekusudia kuingia. Aliogopa wataachana mlangoni, baada ya ndoa ya miaka yote ile.

"Mama, procedure ni procedure," mzee wa kanisa akasema. "Kuna darasa la ubatizo. Miezi sita."

"Daktari amesema hamalizi hata wiki mbili."

"Basi aanze mapema."

Nikamleta mchungaji wangu, yule wa tangi. Yeye hakujali darasa, alijali kina. Kunyunyiziwa, alisema, ni kunawa uso tu. Alitaka mgonjwa apelekwe kwenye tangi. Nilimwonyesha mtungi wa oksijeni. Aliutazama kwa makini, kisha akauliza kama hauwezi kutolewa dakika moja tu.

"Pastor," baba akamwita, "yule mwizi wa msalabani alizamishwa wapi?"

"Ile ilikuwa special case, Mzee."

"Basi niandike hapo kwa special case. Nitakaa na mwizi."

Asubuhi ya Ijumaa hali ilibadilika. Mama akanishika mkono, akanipa chupa ya maji. Alikumbuka alivyofundishwa, kwamba mtu akiwa anakufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza.

"Mmwagie wewe. Mikono yangu inatetemeka."

Wodi ilikuwa imejaa watu waliokuja kuona wagonjwa wao, na wote walikuwa wametugeukia. Nikaona aibu.

"Mama, ngoja nimpigie mzee wa kanisa simu. Tufanye kitu vizuri."

Nikatoka kwenye korido nikapiga. Mzee alikuwa mkutanoni. Niliporudi baba alikuwa amekata roho, na mama amesimama kando ya kitanda, chupa mkononi, kizibo bado kimefungwa.

Jioni mzee wa kanisa alikuja nyumbani na fomu ya mazishi. Kanisa halimziki mtu asiyebatizwa, alitukumbusha, kwa upole wa mtu anayefunga duka.

"Alibatizwa," mama akasema. "Leo asubuhi. Mtoto wake alimmwagia maji."

Mzee akanigeukia. "Ulitaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu?"

"Wote," nikasema.

Akaandika. Hakuuliza zaidi, na Jumamosi iliyofuata kwaya iliimba vizuri sana.

Tangu siku hiyo mama hashiriki Meza ya Bwana. Kikombe kikija anainamisha kichwa, kinapita. Mwezi uliopita nilichoka kumtazama, nikamwambia aende akatubu yaishe, Mungu ana huruma.

"Nitubu vipi?" akaniuliza. "Nikisema ukweli, nitakuwa nimemtoa baba yako mbinguni kwa mdomo wangu."