Saa Iliyojazwa kutoka Buganda

Mpaka leo, buni kavu zikimwagwa kwenye ungo, mwili hunisisimka. Wajukuu hunicheka. Nanyi mtanicheka, lakini nisikilizeni kwanza, kwa maana sauti kama hiyo, krr, krr, iliwahi kutoka kwenye mkono wa mama yangu.

Tulikaa Nyabiyonza, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichotuachia marehemu baba. Kaka yangu Kamugisha alikuwa utingo wa lori huko Buganda. Noeli moja alirudi na saa ya mkononi, akamvalisha mama, mkanda mkubwa hata saa ikapanda karibu na kiwiko. Mama akauliza itajazwaje, yaani itatiwaje ufunguo. Kaka, ambaye mzaha haukumtoka hata kanisani, akajibu, "Usisumbuke, mama. Nitaijaza mimi kutoka kule kule."

Akaondoka. Hakurudi tena, wala salamu hazikuja. Lakini saa ilitembea, na hakuna aliyeijaza. Basi mama akaamini kwamba anayeijaza yu hai. Alipoulizwa habari za mwanawe, alinyoosha mkono tu, muulizaji asikilize. Homa ilipomlaza, saa ilisimama. Akajikokota shambani akitetemeka, akapalilia mgomba mmoja, akapalilia wa pili, saa ikatembea. "Kamugisha hapendi mvivu," akaniambia, tukacheka sote wawili.

Kisha ukaanza mkwaruzo. Kila mama alipoinua jembe, krr. Shangazi, dada yake baba, alitega sikio akarudi nyuma. "Huyo anatafuna buni, wifi. Huo ni mzimu." Kwetu mgeni hupewa buni atafune, na mizimu nayo hutengewa zake.

"Mgeni pia hutafuna," mama akajibu. "Mwanangu yuko njiani."

Mimi niliogopa. Tangu siku hiyo sikukubali kushikwa kwa mkono ule.

Mwishowe mama mwenyewe alishindwa kuvumilia. Tukaenda kwa miguu hadi gulio la Kanoni, kwa fundi saa mmoja, Mhaya wa Muleba.

"Shikamoo, mama. Saa inaumwa nini?"

"Marahaba. Inatafuna."

Hakucheka. Aliiweka sikioni ikiwa imetulia: ilitembea safi kabisa. Akaiinamisha: krr. "Mashine nzima," alisema. "Kuna kitu kinayumba, kinakwaruza mfuniko." Akaufungua. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kama nusu ya mwezi, skrubu yake imelegea. Akakisafisha kwa petroli, akakaza, akatia tone la mafuta, halafu akamwonyesha mama, mwenyewe akiona fahari. "Mkono ukiyumba, hiki nacho huyumba. Ndicho kinachoijaza."

"Na mtu aliye mbali?"

"Aliye mbali ataijazaje, mama? Mkono ni wako."

Mama alishukuru. Njia nzima aliukumbatia mkono ule kifuani, usiyumbe. Mimi nilifurahi kwamba sauti imekwisha, nikawa naruka mbele yake. Tulipofika nyumbani aliliacha jembe ukutani, akaketi chini mlangoni. Mvua ilikuwa nzuri, majirani wakamwita shambani. "Nina msiba," akasema. Kwetu, penye msiba jembe haliguswi. Akavua saa, akailaza juu ya mkeka, akaitengea buni kando. Shangazi alipokuja akaketi naye, wakalia pamoja. Matanga yalikuwa bado hayajaisha saa iliposimama.

Nilidhani fundi ameiharibu, nikamchukia sana mtu yule. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba kupalilia kule kote, hata siku ya homa, ndiko kulikokuwa kukimweka kaka yangu hai, na kwamba mama aliliweka jembe chini akijua analofanya.

Saa ninayo. Huivaa ninapopalilia, na inatembea vizuri. Kila ninapoinua jembe nautegea sikio ule mkwaruzo ulionitisha, nao hauji.