Wekundu wa Mita Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na sita mjomba, Mungu amrehemu, alipima maji ya ziwa lile lenye kina kirefu. Alishusha chupa kwa kamba yenye fundo kila mita. Alijua sianobakteria, viumbe wadogo wanaoishi kwa mwanga kama majani, wamegawana ziwa bila ugomvi: wa kijani huelea juu juani, wekundu hutulia mita kumi na mbili chini, kwenye mwanga hafifu. Na bomba la mji lilivuta maji hapohapo.

Bosi mpya wa ofisi ya maji akaagiza chupa ijazwe maji ya juu tu, kuokoa muda.

"Bosi, wekundu wenye sumu wako chini, mdomoni mwa bomba."

"Mzee wangu, maji meupe pe! Au umezoea kubembea kwenye boti?"

Ofisi nzima ikacheka. Mjomba akaandika barua tatu. Hakujibiwa hata moja mpaka presha ikamwangusha.

Kaburini bosi akamsifu: "Hakuwa mbishi kamwe."

Mjane akamwomba Mungu amzuie ulimi. Asubuhi ile chupa ilikuwa imejazwa maji ya juu, na mji ulikuwa unakunywa.