Rapoti ya Paa la Depo

Koti la kazi nimekwisha kulirudisha, kwa hiyo naweza kusema. Afadhali municheke kwa maneno yangu kuliko ya watu wa Fizi, mji wa jirani, wanaoitia chumvi habari hii.

Nilikuwa mlinzi wa depo, ghala la pamba, hapa Baraka kando ya ziwa. Kapita, msimamizi wetu, alinifundisha hivi: "Bwana mkuu wa depo akisema 'Rapport!', anataka habari za usiku; we simama wima, jibu 'Rien à signaler, chef.' Ni kusema hakuna shida."

Nikaelewa, tena upesi mno. Si ni salamu tu? Kwetu ukiulizwa habari, unajibu nzuri kwanza, hata kama umetoka kuzika. Ukiulizwa tena, ndipo unaeleza yaliyokupata. Kuanza na msiba ni kukosa adabu.

Juzi alfajiri upepo uling'oa mabati yote ya paa la nyuma, upande wa ziwa, na mvua ikainyeshea pamba. Asubuhi bwana akafika bureau, ofisini kwake, na mgeni, mkubwa wake kutoka Uvira.

"Rapport!"

"Rien à signaler, chef!"

Nikabaki wima kwa heshima, nikingoja swali la pili. Halikuja. Bwana alimtazama mgeni kwa fahari, akatoa ufunguo, akamwongoza hadi depo na kumfungulia mlango, mimi nyuma yao.

Walisimama ndani, wakitazama mawingu.

"Mabati iko wapi?" bwana akauliza polepole.

Hatimaye!

"Iko mu ziwa, chef," nikasema. "Nilikuwa nangoja uniulize tena."