Ua la Buluu la Ukuta wa Musonoi

Ukuta wa mwamba ulianguka asubuhi, maua yake yakiwa yamefunguka yote. Sisi wamama tulikuwa chini, mtoni Musonoi, tunaosha mawe ya shaba. Dinamiti ya kampuni ya mgodi ikapasuka, na ukuta mzima ukashuka. Vumbi lilipotulia, miguu yangu ilikuwa imefukiwa hadi magotini. Niliangalia juu nikitafuta buluu. Hakuna.

Sikusoma sana, lakini ua lile nalijua. Shaba inafukuza miti, inafukuza mahindi. Lenyewe liliota humo humo katika nyufa za mawe, buluu kama ile tunayotia katika maji ya nguo nyeupe. Kila mchimbaji alijua: likiota mahali, shaba iko chini yake. Na bado hatukuligusa. Waume zetu walichimba upande wa pili wakaacha ukuta, maana ndio ulioshika mlima.

Siku moja mgeni kutoka Kasulo alipandisha chuma chake cha kuchimbia apige ukuta.

"Tata," mama mmoja akamwambia, "kwenu mulichimba mpaka ndani ya nyumba, chini ya kitanda. Huku, ukuta unabakia."

"Na kama mali iko ndani?"

"Iko ndani. Achana nayo."

Akacheka, akashusha chuma.

Halafu akaja mtaalamu wa mimea kutoka Lubumbashi, akapanda kwa kamba. Alituambia ua hili halijaonekana pengine popote, na liko karibu kwisha duniani. Tulitembea vichwa juu wiki nzima. Ulaya halipo, Angola halipo, liko kwetu, watu wa vumbi. Kampuni ikasimamisha kibao: mahali hapa panalindwa. Kibao kingali kimesimama.

Baada ya ukuta kuanguka waliitisha mkutano. Nilikwenda na mguu wangu katika plasta. Mkubwa wa mazingira wa kampuni akasema, "Bamama, musiogope. Mbegu tulishaokota. Iko mu frigo, mu sanduku ya baridi."

"Pamoja na samaki?" mama mmoja akauliza. Watu wakacheka. Mama mwenyewe hakucheka.

Basi nawataja. Mkurugenzi wa mgodi, wewe ulitoa amri ya kupasua ukuta. Mkubwa wa mazingira, wewe ulijua ukanyamaza. Mkuu wa mtaa, wewe ulituambia asubuhi ile twende mtoni bila wasiwasi. Njooni mbele ya watu wa Musonoi, mfungue hiyo frigo. Mbegu zikiwemo, zirudisheni katika mwamba uliobaki. Zisipokuwemo, semeni nani kati yenu amelimaliza ua letu.