Sauti ya Mzee Johana kwenye Kompyuta ya Karani

Chepkosgei alikuwa na hasira tangu Jumatano, na mtu yeyote wa Kimulot angekuambia kwamba hasira ya Chepkosgei si ya kuchezewa. Kwa miaka ishirini na sita alipima majani ya watu kwenye kituo cha kununulia chai, akikataa magunia yaliyolowa na kurudisha majani magumu mbele ya mwenyewe, na hakuna aliyembembeleza akafanikiwa. Kazi aliiacha alipostaafu, lakini jina lilibaki naye. Mpaka leo wakubwa kwa wadogo humwita Karani.

Baada ya kustaafu alijipa kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alianza kurekodi wazee. Wa kwanza alikuwa mama yake mwenyewe, kwa kisimu cha vibonye chenye tochi kichwani, na mama alipozikwa sauti yake ikachezwa pale kwenye hema, watu wakalia hata mchungaji akapoteza ukurasa. Tangu siku hiyo mzee aliyekuwa na neno la kuwaachia wanawe alimwita Karani. Karani alikuja, akaketi, akabonyeza, akanyamaza. Kisha alihamishia sauti kwenye kompyuta yake ya mezani, kuukuu, aliyoinunua shule ilipokuwa inatoa za zamani, akaandika jina na tarehe. Sharti lake lilikuwa moja tu: sauti haitoki mwenyewe akiwa bado hai. Hata mke asiombe. Sharti hilo alilionea fahari kama alivyoionea fahari mizani yake.

Sasa Mzee Johana, mmoja wa wazee aliowarekodi, alikuwa amefariki Jumapili, mazishi ni Ijumaa, na kompyuta imekuwa bubu.

Aligundua Jumatano asubuhi, alipoiwasha ili aandae sauti ya marehemu. Aliipata faili, jina lake pale, tarehe yake pale. Akabonyeza. Kimya. Akajaribu kwaya ya kanisa. Kimya. Hapo ndipo alipomkumbuka Zack, fundi wa kompyuta kule Litein. Wiki tatu zilizopita kompyuta ilikuwa inamsumbua kila akiiwasha, ikimwambia kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, naye akaipeleka kwa Zack amwekee mpya. Akampigia.

"Zack, umeniharibia kompyuta."

"Hapana, Karani. Mimi nili-update tu. Saa hii hiyo mashine inakimbia kama mpya."

"Inakimbia ikienda wapi? Haina sauti!"

"Pengine umeizima wewe mwenyewe."

Karani alivuta pumzi. Yeye, aliyeweka vitabu vya kituo miaka ishirini na sita bila kufuta mstari, aambiwe kwamba amezima sauti mwenyewe!

"Si nilikuambia usiguze sauti? Nilisimama hapo kwa meza yako nikakuambia, guza yote lakini sauti uache."

"Sikuguza sauti, Karani. Niliguza system. Lakini pia hiyo mashine ni ya zamani, ungenunua tu ingine."

Karani alikata simu kabla hajasema neno ambalo angelazimika kuliombea msamaha Jumapili. Watu wa siku hizi, akajisemea, kitu chako kinafanya kazi vizuri, wanakichukua, wanakurudishia kibovu, halafu wanakuambia kosa ni la umri wake.

Hasira hiyo isingekuwa kubwa hivyo kama sauti ya Mzee Johana ingekuwa ya salamu na buriani. Haikuwa hivyo. Miaka kumi na moja nyuma, Johana alipokuwa amelazwa hospitalini, mwanawe Kiplimo aling'oa nusu ya chai ya shamba, ile ya zamani iliyopandwa kwa mbegu, akapanda miche mipya. Mzee alirudi nyumbani akakuta mchanga mtupu. Hakupiga kelele. Alisimama katikati ya shamba, akasema mbele ya majirani kwamba mkono uliong'oa chai yake hautatupa mchanga kwenye kaburi lake.

Hiyo ni laana, na kila aliyesikia alijua ni laana. Kanisani wanafundishwa kwamba laana haina nguvu kwa mtu aliyeokoka, na wote huitikia amina. Lakini mahindi ya Kiplimo yalipokauka, waliookoka walitazamana. Alipopeleka posa kule Chebunyo, wazazi wa msichana walimkaribisha chai, wakamuuliza habari za baba yake, kisha wakamwambia wataomba juu ya jambo hilo. Wanaomba mpaka leo. Wakati huo Kiplimo alikuwa ameshahamia Mulot zamani, akawa anapakia mahindi na ngano kwenye malori, peke yake, na hakukanyaga tena nyumbani kwao.

Na laana ya mzazi kwa watu hawa huondolewa na kinywa kilichoitamka. Shahidi hatoshi. Ndiyo maana Mzee Johana, mwaka juzi, alimwita Karani, akafunga mlango, akaiondoa kwa kinywa chake kwenye kile kisimu. Karani alimuuliza kwa nini asimpigie tu mwanawe. Mzee alimtazama kama aliyetukanwa.

"Aje anilie hapa sebuleni, na mimi nimwambie nini? Weka. Siku yangu ikifika, atasikia."

Karani akaweka. Sharti ni sharti.

Alhamisi alasiri Arap Mosonik, mdogo wake marehemu na msemaji wa familia, alikuja na wazee wawili kusikiliza hayo maneno, kwa kuwa Karani alikuwa amewaambia kwamba laana imeondolewa. Waliketi kwenye viti vyenye vitambaa, kofia magotini, macho kwenye zile spika mbili ndogo. Karani alikuwa amechomoa waya na kuuchomeka tena kwenye tundu la kijani. Alikuwa ameongeza sauti mpaka mwisho. Alikuwa ameziunganisha spika na redio, zikaimba bila shida, kwa hiyo spika hazikuwa na kosa. Akabonyeza jina la Johana. Wazee wakainama mbele. Jogoo akawika nje. Kompyuta ikanyamaza kama mtu aliyeulizwa habari za mbuzi aliyepotea.

"Karani," Arap Mosonik akasema, polepole, "sisi hatusemi wewe ni mwongo."

"Basi msiseme!"

"Lakini kesho kuna watu mia tano pale. Kiplimo alikatazwa kwa mdomo, watu wakasikia. Akiguza huo mchanga na kitu ifanyike kwa watoto wetu, nani ataulizwa?"

"Wewe si ni mzee wa kanisa, Arap Mosonik?"

"Niko kanisa, ndio. Na bado niko na watoto."

Wakavaa kofia, wakatoka. Karani alibaki anaikodolea macho ile skrini, machozi ya hasira yakimlenga. Akaanza kufungua kila mlango uliokuwa ndani ya ule mfumo mpya, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mwizi nyumbani mwake. Na akamkuta. Kulikuwa na orodha ya mahali sauti inapopelekwa, na ule mfumo, kwa akili zake wenyewe, ulikuwa umechagua skrini. Skrini ile haina spika wala haijawahi kuwa nayo! Siku zote hizi sauti ilikuwa inamwagwa pasipo na masikio. Akachagua zile spika ndogo. Kompyuta ikalia ting, na kwaya ya kanisa ikapasuka chumbani.

Karani alitoka mbio na ndara zake. "Wazee! Rudini! Imeongea!"

Walirudi kutoka njiani, wakaketi tena, kofia magotini tena. Karani akabonyeza jina la Johana. Kikatokea kibao cheupe katikati ya skrini, kwa Kiingereza safi, kikisema kwamba faili ya namna hii haiwezi kuchezwa.

Safari hii Arap Mosonik alimpigapiga begani kwa huruma, na ile huruma ilimuuma Karani kuliko angeitwa mwongo.

Zack, alipopigiwa mara ya pili, alikiri kwa sauti ndogo. Sauti zilizorekodiwa na simu za zamani zina namna yake, na ile programu iliyokuwa inazicheza aliitoa wakati wa kusafisha, kwa sababu ilionekana haina kazi.

"Haina kazi? Nani alikuambia haina kazi?"

"Pole, Karani. Pakua ingine kwa mtandao, ni kitu ya dakika tano."

Mtandao! Kimulot, chini ya msitu, mvua ikinyesha, mtandao huwa hadithi. Alijaribu jioni ile mpaka salio likaisha.

Ijumaa asubuhi, akikamua ng'ombe, wazo likamjia, akaacha ndoo ilipokuwa. Kama kompyuta haiijui lugha ya ile simu, simu inaijua. Kisimu chake mwenyewe kilishatumbukia kwenye debe la maziwa zamani, lakini kulikuwa na kingine cha namna ileile pale Kimulot, na kilikuwa mfukoni mwa mjane wa Johana, bibi kizee Kogo Chepchirchir, aliyekataa katakata kununuliwa simu ya kupapasa. Karani alichomeka memori kadi kwenye kompyuta, akanakili faili. Ilipomaliza tu, radi ikapiga upande wa msitu, na stima ikapotea. Hakujua kama imeingia vizuri. Aliifunga ile kadi kwenye leso, akavaa gambuti na kushika njia.

Kiplimo alikuwa nje ya boma, ameketi juu ya kreti kwenye kibanda cha maziwa cha jirani, amevaa koti jeusi la kuazima. Kutoka hapo aliona hema, na watu waliokuwa ndani ya hema walimwona pia, wakageuza macho.

"Chamgei, Kiplimo."

"Chamgei mising, Karani. Wacha tu, usisumbuke. Mimi nitamzika kutoka hapa."

"Utamzika kutoka hapa kwani wewe ni mwenye kibanda? Inuka. Usimame karibu na lango unapoweza kusikia."

Kogo Chepchirchir alikuwa mstari wa mbele, amejifunika shuka. Karani alichuchumaa, akamnong'oneza. Kogo alitoa simu mfukoni, na Karani akafungua mgongo wake, akapachika ile kadi. Mchungaji alikuwa anamaliza sala. Arap Mosonik alipoona Karani anaelekea kwenye kipaza sauti, kilichokuwa kikiendeshwa na jenereta, akainuka kumzuia, lakini Kogo naye akainuka, mkongojo mkononi, naye Arap Mosonik akaketi.

Karani akabonyeza, akasogeza ile simu kwenye kipaza sauti. Kulikuwa na mkwaruzo. Kisha kikohozi, na kila mtu pale alikijua kikohozi kile.

Mzee Johana alisema kwa Kipsigis, bila kupamba. "Kiplimo, mwanangu. Ile chai ya zamani ilikuwa imechoka, na mimi nilijua imechoka. Hii uliyopanda ndiyo ninayochuma sasa. Ndiyo inayonilisha mimi na mama yako. Kila nikichuma nakukumbuka, na kila nikikukumbuka naona haya. Neno nililosema shambani nimelitoa. Siku hiyo nitupie mchanga wewe wa kwanza, ndipo wengine."

Arap Mosonik akavua kofia, akatembea mwenyewe mpaka langoni, akamshika Kiplimo mkono, akamleta. Kiplimo alipita katikati ya watu akiwa analia wazi, bila kujifuta. Akainama, akachota, akatupa. Kogo alimshikilia kiuno kwa nyuma asije akaanguka.

Watu wakamzunguka Karani baadaye, wakimsifu, na yeye akawa anasimulia kwa ukali habari za Zack, na skrini isiyo na spika, na programu iliyotolewa eti haina kazi. Alikuwa ameshinda, na alikuwa na haki ya kuringa kidogo. Alikuwa bado anasimulia Kiplimo alipomfikia. Mkono wake ulikuwa na mchanga bado.

"Karani, Mungu akubariki."

"Ni kazi yangu."

"Nilitaka kuuliza tu. Hayo maneno, mzee aliyasema lini?"

Karani hakuhitaji kufikiri. Tarehe zake hazijawahi kumpotea. "Mwaka juzi. Mwezi wa nane, tarehe kumi na nne."

Kiplimo akaitikia kwa kichwa. Alitazama ule mkono wake, si kwa hasira, kama mtu anayehesabu tu.

"Wale watu wa Chebunyo walinikataa mwaka jana," akasema. "Mwezi wa nne."

Kisha akamshukuru tena, akarudi kwa mama yake. Karani alibaki amesimama pale na ile simu ndogo mkononi. Alimtafuta Zack moyoni mwake ili amkasirikie, akautafuta mfumo mpya, akaitafuta na radi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na kosa. Miezi minane ile, tangu mzee aseme mpaka Kiplimo akataliwe, kompyuta yake ilikuwa inaongea vizuri sana.

Jumatatu Zack alipiga simu kusema amepata ile programu, aje amrekebishie bure. Karani hakuwa nyumbani. Alikuwa na daftari la majina kwapani, na watu kumi na saba aliowarekodi ndani yake walio hai bado, na alikuwa anabisha hodi kwa wa kwanza, kumuuliza kama sauti yake ni lazima isubiri kifo.