Ujumbe wa Dentiste Uliomo Katika Simu Yangu

Ndugu mwenye ukurasa huu, nakuomba ulifiche jina langu na la kijiji changu, kwa maana watu wengi wa kwetu Masisi wanakusoma. Nina umri wa miaka sitini na sita. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wengi niliwaadhibu kwa kosa la kusema uongo. Leo mwongo ni mimi, wala situlii. Nakaa, nasimama, naenda kutazama ng'ombe, narudi kabla sijawafikia.

Binti yangu wa mwisho, nitamwita Neema, ana miaka ishirini na mitatu. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana. Alipokuwa akisoma Goma, dentiste mmoja, yaani daktari wa meno, alimwekea vyuma vya kuyanyoosha, vilivyogandishwa kwa gundi juu ya kila jino. Kabla kazi haijaisha, barabara ya Goma ikafungwa kwa vita, naye akabaki hapa nyumbani. Wakati huohuo familia ya mchumba wake ikatuma neno kwamba inakuja kumposa.

Dada yangu alipomwona Neema akicheka, alipiga makofi. "We mwalimu! Mutoto iko na senyenge mu kinywa sawa uzio ya ng'ombe! Wageni watauliza kama anauma watu."

Nyumba nzima ilicheka, hata Neema. Mimi niliona aibu.

Simu ya Neema ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nilimwandikia dentiste kwa yangu. Alijibu upesi. Alisema vyuma visiguswe na mtu asiye na vifaa vyake. Ni afadhali vikae hadi barabara ifunguke. Vikivutwa kwa nguvu, gundi itabandua tabaka gumu la nje la jino, na tabaka hilo halioti tena; jino litauma kwa kila kitu cha baridi. Niliusoma ujumbe huo mara mbili. Kisha nikamwambia binti yangu, "Dentiste amekubali. Fundi yeyote anaweza kuvitoa."

"Njo vile alisema, Papa?"

"Ndivyo alivyosema."

Tulipanda pikipiki hadi Kitshanga, kwa mtu anayetengeneza meno ya bandia karibu na soko. Alivibana vyuma kwa koleo, akaving'oa kimoja kimoja, kisha akaikwangua kwa tupa gundi iliyobaki. Neema alinishika mkono muda wote. Sauti ya tupa ile naisikia hata ninapokunywa chai. Mtu yule alipomaliza, meno manne yalikuwa na mabaka meupe yenye mikwaruzo, na moja lilikuwa limemeguka pembeni.

Wageni walikuja. Mama wa kijana alimpa Neema maziwa ya ng'ombe wao, kama ilivyo desturi yetu. Kuyakataa ni kuikataa nyumba yao. Yalikuwa baridi, kama kila kitu cha asubuhi katika milima hii. Neema aliyanywa yote huku machozi yakimtiririka.

"Muone vile analilia wazazi wake!" mama yule akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikatabasamu pamoja nao.

Sasa barabara imefunguka. Neema anacheka akiwa amefunika kinywa kwa kiganja, na humwonya kila msichana anayekutana naye asimwendee dentiste yule. Alhamisi atakwenda Goma na mchumba wake kumdai maelezo. Jana aliniambia, "Papa, ile message ya dentiste iko bado mu telefone yako? Unipatie, nimuonyeshe maneno yake mwenyewe. Asikatae."

Nilimjibu kwamba simu imezimika, haina moto. Papo hapo ikalia mfukoni mwangu.

"Papa, inalia," akasema. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kuosha sahani.

Ujumbe sijaufuta. Nikiufuta, dentiste bado anao wake. Nikinyamaza, Alhamisi binti yangu atausoma katika simu ya mtu mwingine, mbele ya mchumba wake, na atakumbuka alikuwa ameushika mkono wa nani siku ile kule Kitshanga.

Ninyi mnaosoma, hasa mabinti ambao baba zenu wamewahi kuwadanganya, nishaurini. Nimwambie kwa kinywa changu, au nimkabidhi simu asome mwenyewe? Sijui hata nianze na neno gani. Leo ni Jumanne.